Sauti ya filamu kwenye PS4 iko chini mno, gemu zinapiga vizuri tu. Tatizo nini wakuu?

Kijana wa Mbagala

Habari za usiku wakuu.

Nina PS4 Slim niliyonunua mkononi mwa mtu mwaka jana, na tivii ya inchi 32. Gemu haina shida, naweka sauti 20 na jirani anajua nimefunga goli. Shida ni filamu. Laptopu iko chumbani imejaa filamu, nimeiwekea programu ya seva, na PS iliyoko sebuleni inazivuta kwa waifai kupitia Media Player. Picha safi, haikwami hata kidogo.

Sauti sasa. Ili nisikie watu wanasema nini lazima nipandishe tivii hadi 85, na hapo bado wanaongea kama wamejifunika blanketi. Halafu ghafla gari linalipuka. Juzi saa sita usiku limelipuka moja, mtoto akaamka analia, mama mkwe (yuko kwetu toka Jumapili) akatoka na khanga yake kuuliza kama transfoma ya mtaa imepasuka. Nilijibu ni filamu. Aliniangalia tu, hakusema kitu, akarudi kulala.

Na nikitoka kwenye filamu kwenda kwenye gemu nikasahau kushusha kutoka 85, hapo ni balaa jingine.

Nimeshabadilisha kebo ya HDMI, nimeshazima na kuwasha, nimeshapandisha kila kitu ninachokiona cha kupandisha. Msaada tafadhali.

Kipara Ngoto

Zima feni mkuu.

Baba Junior

Spika za tivii za kisasa ni nyembamba kama chapati, hazina kitu. Nunua sabufa, mjadala ufungwe.

Kijana wa Mbagala

@Baba Junior spika zingekuwa mbovu si na gemu zisingesikika? Gemu zinapiga, YouTube inapiga, filamu peke yake ndiyo imenuna. Na hela ya sabufa kwa mwezi huu haipo.

@Kipara Ngoto joto la Dar unalijua lakini?

Kipara Ngoto

Nalijua. Zima feni.

Fundi Redio Mwanza

Mleta uzi kashajibu nusu ya swali lake bila kujua. Gemu sawa, YouTube sawa, filamu chini. Maana yake spika nzima, kebo nzima, mashine nzima. Kitu kinachobadilika hapo ni sauti yenyewe iliyomo ndani ya faili. Kabla hujanunua chochote nijibu haya:

Filamu zote ziko chini, au kuna nyingine zinapiga vizuri?

Fungua moja iliyo chini na moja iliyo sawa kwa VLC kwenye laptopu, nenda Tools, halafu Codec Information. Sehemu ya sauti inasema nini, hasa kwenye chaneli?

Kwenye PS nenda Settings, kisha Sound and Screen, kisha Audio Output Settings. Audio Format imewekwa nini?

Kijana wa Mbagala

Asante Fundi. Nimekaa hapa na karatasi.

Kweli si zote. Zile zilizotafsiriwa Kiswahili na ma-DJ zinapiga mpaka kero, DJ anafoka tu. Tamthilia moja ya Kikorea nayo iko sawa. Zilizo chini ni zile kubwa kubwa za Kimarekani, za GB 6 au 8.

VLC inasema hivi. Ya DJ: AAC, Stereo. Ya Kikorea: AAC, Stereo. Zilizo chini nimefungua tano, zote: A52, 3F2R/LFE. Sijui hiyo ni lugha gani.

Kwenye PS imeandikwa Bitstream Dolby. Mimi sijawahi kuingia huko, itakuwa yule aliyeniuzia.

Fundi Redio Mwanza

Safi, mgonjwa kajieleza. A52 ni jina jingine la AC-3, yaani Dolby Digital. 3F2R/LFE ni spika tatu za mbele, mbili za nyuma, na moja ya besi. Ndiyo hiyo watu wanaita 5.1. Filamu yako imetengenezwa kwa spika sita na wewe una mbili, tena zinaangalia ukutani.

Hapo ndipo sauti inapigwa mshikaki. Chaneli sita hazipotei, zinapakiwa kwenye zile mbili, na abiria anayeumia kuliko wote ni yule wa katikati. Kwenye 5.1 karibu mazungumzo yote yanakaa chaneli ya kati. Kushoto na kulia kuna muziki, magari, mvua. Nyuma kuna mwangwi na helikopta.

Hesabu yenyewe ndiyo hii, ukiipata hutapoteza hela tena kwa kebo. Fomula ya kawaida ya kubana 5.1 iwe stirio inachukua chaneli ya kushoto nzima, inaongeza ya kati mara 0.7, inaongeza ya nyuma kushoto mara 0.7. Kulia vivyo hivyo. Chaneli ya besi mara nyingi inaachwa kabisa. Jumlisha: 1 + 0.7 + 0.7 = 2.4. Zote zikilia kwa nguvu kwa wakati mmoja sauti itapasuka, kwa hiyo programu nyingi zinagawanya kila kitu kwa 2.4 kwa usalama. Mazungumzo yaliyokuwa 0.7 sasa ni 0.29. Ukilinganisha na ile chaneli ya kati ilivyokuwa nzima, yaani 1, hiyo ni kushuka kama desibeli 10 na ushee kwa kila spika. Yanajirudishia kidogo kwa sababu yanatoka spika zote mbili, lakini bado umepigwa. Kwa sikio la mtu, desibeli 10 ni kama kupunguza sauti nusu.

Na hii yote ni tahadhari ya mlipuko ambao kwenye filamu ya saa mbili unatokea mara nne. Ukiongeza rimoti unapandisha vyote viwili, mnong'ono na mlipuko, kwa kipimo kilekile. Ndiyo maana mama mkwe kaona transfoma.

Gemu haina shida hii kwa sababu mashine inachanganya sauti ya gemu palepale kulingana na spika ulizoiambia unazo. Faili la filamu limeshachanganywa zamani, halijui sebule yako.

Anza na hili la bure: Audio Format toa Bitstream Dolby, weka Linear PCM. Hiyo Bitstream inafaa kwa mwenye hom thieta, inamaanisha PS haifanyi kazi ya kubana, inaitupia tivii. Kisha ingia kwenye mipangilio ya sauti ya tivii utafute kitu kama Clear Voice, Night Mode au Auto Volume, majina yanatofautiana. Badilisha kimoja kimoja, filamu ileile, dakika ileile, andika namba. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja hutajua kipi kimekusaidia.

Mama Tausi

Samahani kwa kudandia uzi. Mimi yangu inafanana lakini siyo hiyohiyo. Nina PS3 ya watoto, tivii, na sabufa ninayo tayari, nimeichomeka kwenye tundu la hedifoni la tivii. Tokea wiki iliyopita watu kwenye filamu wanaongea kwa mbali sana kama wako bafuni, lakini muziki na kelele za nyuma zinasikika vizuri kabisa. Mpaka nyimbo! Waimbaji hawapo, ngoma zipo. Mdogo wangu anasema sabufa ina jini.

Fundi Redio Mwanza

Dada, jini hilo nalijua, linaishi kwenye pini ya AUX.

Ile pini ina mikanda mitatu: ncha ni kushoto, wa kati ni kulia, wa mwisho kwenye shina ni waya wa ardhi ambao chaneli zote mbili zinautumia kurudi. Ule wa ardhi ukilegea au ukikatika ndani, umeme wa kushoto unalazimika kurudi kupitia kulia. Spika zinatoa tofauti ya kushoto na kulia. Sasa kitu chochote kilicho sawasawa pande zote mbili kinajifuta chenyewe, na sauti ya mwimbaji na ya mwigizaji ndiyo huwekwa sawasawa pande zote mbili. Vinabaki vya pembeni tu.

Kwa hiyo kutofautisha ni rahisi. Mazungumzo yako chini lakini ni ya kawaida, fuata njia ya Kijana wa Mbagala. Mazungumzo yana uwazi wa bafuni na waimbaji wametoweka, fuata kebo.

Chomoa, puliza vumbi, rudisha mpaka isikike "tak", izungushe taratibu huku wimbo unaimba. Mwimbaji akirudi ghafla, umempata mwizi. Kebo mpya ni bei ya chipsi.

Na kwa vile umechomeka tundu la hedifoni: tivii nyingine zina sauti ya hedifoni peke yake, tofauti na ile ya spika. Unabonyeza rimoti kumbe unapandisha kitu kingine. Angalia menyu.

Mswahili wa Muscat

Salaam aleikum jamaa. Mie niko Muscat, nna PS4 ile kubwa yenye tundu la optiko, na amplifaya ya spika tano. Hapa nyumbani, Fundi, mazungumzo hayasikiki kabisa, si chini, hayapo. Nikifungua taarifa ya habari nasikia. Nikifungua filamu, kimya, milango inafungwa, viatu vinatembea, watu hawasemi. Mke wangu anacheka anasema filamu za mabubu.

Fundi Redio Mwanza

Waaleikum salaam shekhe. Spika ya kati unayo?

Mswahili wa Muscat

Nnayo lakini iko kabatini tokea tuhame nyumba. Waya wake umekuwa mfupi, haufiki.

Fundi Redio Mwanza

Basi waigizaji wote wako kabatini.

Amplifaya yako bado inaamini spika ya kati ipo, inaipelekea mazungumzo yake yote kwenye matundu yasiyo na waya. Habari unazisikia kwa sababu matangazo hayo ni stirio. Ingia kwenye mpangilio wa spika wa amplifaya, sehemu ya Center badilisha iwe None. Itagawa mazungumzo kwa kushoto na kulia na utawasikia leo leo. Ukipata waya mrefu rudisha, maana hakuna kitu kizuri kwa mazungumzo kama spika ya kati ya kweli.

Mswahili wa Muscat

Wallahi wamesema! Mungu akulipe. Miezi mitatu hii nimekuwa nikisoma maandishi ya chini tu.

Kijana wa Mbagala

Ripoti. Nimetumia filamu ileile, dakika ya 12, kuna mzee anaongea na binti yake jikoni.

Kama ilivyokuwa mwanzo: nasikia kila neno nikifika 85.
Linear PCM: 70.
Linear PCM pamoja na ile ya kupandisha mazungumzo kwenye tivii: 58.
Nikaongeza na Auto Volume: 55, na mlipuko umekuwa mpole kweli, ila muziki unapanda na kushuka kama mtu anacheza na kitasa.

Gemu bado 20. Kwa hiyo nimepona nusu.

Na kitu kingine sijakisema, jana bando liliisha kabisa nikasahau, filamu ikaendelea kucheza. Hii ya seva hailagi bando?

Fundi Redio Mwanza

Haili hata kidogo. Laptopu na PS zinaongea kupitia ruta, ndani ya nyumba yako. Intaneti haihusiki.

Auto Volume izime, kama muziki unakukera ni hiyo. Tutakwenda kwenye faili lenyewe.

Kisauni Kwetu

Fundi, hapa Mombasa sisi hatuna maseva, tunatazama za mtandaoni. Kwangu ni PS5. YouTube nasikia vizuri kabisa, nikiingia Netflix kwa mashine hiyohiyo, tivii hiyohiyo, sauti imeshuka. Kwani nayo ni hayo mambo ya 5.1? Na mbona gemu ya mtandaoni nikiongea na wenzangu sauti zote nyingine zinajishusha?

Fundi Redio Mwanza

Kaka, kwako kuna mambo matatu.

La kwanza ni kipimo. Kila mtandao au stesheni ina kiwango chake cha sauti ya wastani, kinapimwa kwa LUFS, na namba zote ni hasi, kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo sauti ilivyo kubwa. YouTube inashusha video zenye kelele mpaka kama hasi 14. Televisheni za Ulaya zinafuata hasi 23, utaratibu uliotoka 2010. Netflix inawataka wanaoipelekea filamu waweke mazungumzo kwenye hasi 27. Toa hapo: 27 kwa 14 ni tofauti ya desibeli 13. Hakuna aliyekosea. Filamu inaachiwa nafasi kubwa juu ya mazungumzo ili mlipuko uwe na mahali pa kupanda. Video ya mtu anayeonyesha kupika pilau haihitaji nafasi hiyo, kwa hiyo inabanwa na kusukumwa juu.

La pili ndiyo, ni 5.1. Kwenye PS5 ingia Settings, Sound, Audio Output, hakikisha kifaa cha HDMI kimechaguliwa kuwa tivii, siyo amplifaya. Na ndani ya programu yenyewe ya filamu, kwenye kichaguzi cha lugha na sauti, kama kuna chaguo la sauti lililoandikwa bila 5.1, chukua hilo. Mara nyingi limetengenezwa na watu kwa masikio yao, halikubanwa na fomula.

La tatu, hilo la kushuka unapoongea na wenzako ni mambo ya soga. Mashine hizi zina mizani ya sauti ya gemu na sauti ya watu, mtu anaisogeza bila kujua. Na ukichomeka hedifoni kwenye pedi, sauti inahamia huko, ina kiwango chake.

Baba Junior

Na ving'amuzi? Changu stesheni moja inapiga kelele, ya pili lazima niongeze.

Fundi Redio Mwanza

Sauti ya Dolby inabeba ndani yake namba inayosema mazungumzo yako kiwango gani, na kifaa kinaposoma kinashusha sauti kulingana na namba hiyo. Kuna namna mbili za kuisoma: Line, inayoyaweka mazungumzo hasi 31, na RF, inayoyapandisha desibeli 11 zaidi na kuibana milipuko. Baadhi ya ving'amuzi na tivii vinakuachia uchague. Ukiona maneno hayo kwenye menyu chagua RF usikilize. Ila kama stesheni yenyewe imetuma sauti ya ajabu hakuna rimoti ya kuisaidia.

Kijana wa Mbagala, seva yako ni ipi?

Kijana wa Mbagala

Ni ya DLNA tu ya kawaida, inatuma faili kama lilivyo.

Fundi Redio Mwanza

Inatuma kama lilivyo, kwa hiyo haina nafasi ya kurekebisha sauti. Kwa wanaotumia Jellyfin, programu nyingine ya seva, kwenye dashibodi yake sehemu ya kugeuza faili kuna namba ya kupandisha sauti inapobanwa kuwa stirio. 1 haigusi kitu, yenyewe huja ikiwa 2. Lakini inafanya kazi pale tu seva inapogeuza faili. Ikilituma zima zima, namba hiyo ni pambo.

Wewe tutageuza sauti mara moja, picha hatuigusi. Weka ffmpeg, programu ya kugeuza faili za picha na sauti, kwenye laptopu, fungua dirisha la amri ndani ya folda ya filamu, andika:

`ffmpeg -i filamu.mkv -map 0:v:0 -map 0:a:0 -c:v copy -af "pan=stereo|c0=0.5*c0+0.8*c2+0.3*c4|c1=0.5*c1+0.8*c2+0.3*c5,loudnorm=I=-16:TP=-1.5:LRA=11" -ar 48000 -c:a aac -b:a 192k filamu-mpya.mkv`

Usiogope, nakusomea. c0 na c1 ni kushoto na kulia, c2 ni ya kati, c4 na c5 ni za nyuma. Besi, yaani c3, nimeiacha, spika za tivii yako hazina pa kuipeleka. Fomula ya kawaida ilimpa wa kati 0.7 na wa pembeni 1. Mimi nimegeuza, wa kati ana 0.8, wa pembeni 0.5. Mshikaki ni uleule ila mazungumzo yamekaa mbele. loudnorm inasogeza kila kitu hadi hasi 16 na kukata vilele visipasuke.

Hiyo `-ar 48000` usiisahau. loudnorm inapandisha sampuli hadi 192,000 kwa sekunde kwa ajili ya hesabu zake, usipoirudisha chini unapata faili ambalo vifaa vingi vya nyumbani havilielewi. Na tumia amri hii kwa faili la 5.1 tu. Ukiipa la stirio haina c2 ya kuchukua.

Kijana wa Mbagala

Imekataa. Inasema haijui kitu kinaitwa c0.

Fundi Redio Mwanza

Umenakili kwa simu ukajitumia kwa meseji, siyo? Simu imepinda alama za kunukuu. Zifute zote mbili, uandike zilizonyooka kwa kibodi ya laptopu.

Banda la Gemu Moro

Wakati tunasubiri. Mimi nina banda hapa Morogoro, mashine sita, mchana gemu, usiku naonyesha filamu kwa flashi. Nathibitisha maneno ya Fundi, za DJ zinasikika mpaka barabarani, za 5.1 wateja wanaanza "ongeza, ongeza". Kwa wanaotumia flashi kwenye PS4: iformatiwe exFAT. FAT32 inasomeka lakini haibebi faili linalozidi GB 4, na NTFS haisomeki kabisa. Nimeshagombana na mteja aliyekuja na diski ya NTFS akidhani nimeiharibu.

Fundi, nina filamu kama arobaini. Nitaandika amri mara arobaini?

Fundi Redio Mwanza

Hapana mkuu. Tengeneza folda inaitwa mpya, halafu kwenye dirisha la amri la Windows anza na `for %f in (*.mkv) do`, fuatisha amri yote ileile, ila badala ya filamu.mkv weka `"%f"` na mwishoni `"mpya\%f"`. Iache usiku. Za zamani usizifute, siku ukinunua spika sita utazililia.

Mama Tausi

Fundi, ilikuwa kebo. Nilipoizungusha mwimbaji akarudi, nikaiachia akaondoka tena. Tumecheka sana, watoto wanaizungusha makusudi wapate ngoma tupu waimbe wenyewe. Nimenunua nyingine, ya zamani wameigomea nisiitupe.

Kijana wa Mbagala

Wakuu, nimerudi.

Alama za kunukuu ndiyo zilikuwa zenyewe. Filamu ya saa mbili imechukua dakika chache tu, nilidhani itakesha. Faili limepungua kidogo ukubwa, picha ileile.

Dakika ya 12, mzee na binti yake jikoni. Nimeanza na 20 ya gemu. Nasikia. Sisikii kwa taabu, nasikia mpaka kijiko kinavyogonga kikombe, kitu ambacho sikukijua kama kipo. Nimepandisha hadi 26 kwa raha tu. Nikasogeza hadi lile gari. Limelipuka vizuri, ni mlipuko, ila mtoto hajageuka hata ubavu.

Kasoro moja: sehemu zenye ukimya, mvuma wa nyuma unasikika zaidi kuliko zamani.

Fundi Redio Mwanza

Hiyo ni loudnorm inavuta vya chini kwenda juu. Badilisha LRA=11 iwe LRA=15, inaachia nafasi zaidi kati ya mnong'ono na kelele. Mlipuko utarudi kidogo, mwambie mama mkwe mapema.

Kijana wa Mbagala

15 imekaa vizuri. Nimegeuza kumi na mbili, zilizobaki naziacha usiku wa leo LUKU ikiruhusu. Mama mkwe jana kakaa na sisi mpaka mwisho wa filamu, hajui Kiingereza, lakini anasema yule mzee ana sauti ya mjomba wake.

Halafu kuna jambo sina budi kulisema hadharani. Umeme ulipocheza jana feni ilizima dakika mbili tivii ikabaki kwenye betri ya sola. Dakika hizo mbili nimesikia kila neno kwa 17.

Kipara Ngoto

Nasubiri kuombwa radhi.